Kesho ya Mtoto Wetu Tulimwachia Mungu



Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kuamka saa nane usiku, nyumba nzima imelala, akaanza kuhesabu mambo ya kesho? Ada ya shule, kikohozi cha mtoto, kazi ya baba watoto, maneno ya wifi. Tunageuka huku, tunageuka kule. Jogoo anapowika tunaamka tumechoka kuliko tulivyolala, wala hakuna hata jambo moja kati ya yale tuliyoyahesabu lililopungua.

Sisi tunayajua mambo haya vizuri, maana tumeishi nayo kwa miaka mingi. Sisi ni mke na mume, nasi tunaishi Mwanza. Mama, ambaye ndiye aliyeshika kalamu hii, ni muuguzi mwenye stashahada, na kila Alhamisi hukaa na akina mama kanisani katika mafundisho. Baba ni fundi seremala. Mungu ametujalia watoto watatu, binti mmoja na wadogo zake wawili wa kiume. Leo tunapenda kuwasimulia habari za binti yetu. Hatufanyi hivyo kwa sababu sisi ni hodari wa imani. Tulichelewa sana kujifunza, na huenda yuko mama atakayejifunza mapema kuliko sisi.

Vidole vilivyovimba

Binti yetu alizaliwa Februari 2007, mtoto mzima, mwenye sauti kubwa. Alipofikisha miezi minane, mikono na miguu yake ilivimba, akawa analia kila akiguswa. Tulisema ni malaria. Baadaye tukasema ni meno. Tunaona haya kukiri jambo hili, kwa sababu dalili ile mmoja wetu aliisoma darasani na kuijibia mtihani. Lakini jicho la mzazi halipendi kuona kwa mtoto wake kile linachokiona upesi kwa mtoto wa jirani.

Tulipompeleka hospitali akapimwa damu, jibu likaja kwamba ana sikoseli, ambayo kwa Kiswahili sanifu huitwa selimundu. Chembe nyekundu za damu ya mtu mwenye afya ni za mviringo na laini, hupita katika mishipa midogo bila shida. Chembe za mgonjwa wa selimundu hujikunja kama mundu. Hukwama njiani, na hufa mapema kabla ya wakati wake. Ndiyo maana damu hupungua, macho hugeuka manjano, na pale zilipokwama panakuwa na maumivu makali mno. Baridi, kiu, homa na uchovu mkubwa vinaweza kuyaamsha maumivu hayo.

Habari ilipofika kwa ndugu, maneno yalianza. Upande mmoja walisema ukoo wao haujapata kuwa na ugonjwa huo. Upande wa pili walisema mtoto amefanyiwa jambo. Wengine walituuliza kwa upole ni dhambi gani tuliyoificha. Akina mama wenzetu, tunaomba tuliseme hili waziwazi kwa ajili ya mama yeyote anayelaumiwa hivi leo. Ugonjwa huu haurogwi, wala hautoki kwa mama peke yake. Mtoto huzaliwa nao pale anaporithi sehemu moja kwa baba na sehemu moja kwa mama. Baba na mama wanaweza kuwa wazima kabisa, kumbe kila mmoja amebeba nusu bila kujua. Watu wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuwa mgonjwa, nafasi mbili za kuwa mbebaji kama wazazi wake, na nafasi moja ya kutokuwa nao kabisa. Kipimo cha damu kabla ya ndoa kinaweza kuonyesha hayo yote. Kuhusu dhambi, wanafunzi wa Bwana Yesu nao waliuliza swali lilelile walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, katika Yohana sura ya 9, naye akalikataa. Hakumbebesha lawama yule mtu, wala wazazi wake.

Kumtunza au kumfunga?

Tulimtunza binti yetu jinsi tulivyofundishwa. Alipokuwa mdogo alipewa penisilini ya kumkinga na maambukizo. Kila siku alimeza kidonge cha foliki asidi, akanywa maji mengi, akalala ndani ya chandarua. Homa ilipopanda hatukungoja kupambazuke. Hayo yote yalikuwa wajibu wetu, na tunamshukuru Mungu tuliyatimiza.

Lakini juu ya wajibu huo tuliongeza mzigo mwingine ambao hakuna daktari aliyetuandikia. Tuliamka mara tatu au nne kila usiku kumgusa paji la uso hata alipokuwa mzima. Tulikuwa na daftari la kuandika homa na maumivu yake, na daftari hilo ni zuri, madaktari walilisifu. Kumbe nyuma ya daftari lile kulikuwa na hesabu nyingine tuliyokuwa tukiifanya kichwani. Mwaka huu ana miaka sita. Je, atafika kumi? Akifika kumi, itakuwaje akivunja ungo? Akikua, nani atamwoa? Muuguzi ana shida yake. Ameona mengi wodini, na usiku kila alichokiona hurudi kikiwa na sura ya mtoto wake. Baba watoto yeye hakusema neno. Alikwenda kibandani kwake akapiga randa mbao mpaka usiku wa manane. Majirani walidhani ana oda nyingi.

Mwaka 2019, akiwa na miaka kumi na miwili, shule yake iliandaa safari ya siku moja kwenda kisiwa cha Saanane, hapa hapa Mwanza, kisiwa tunachokiona tukiwa nchi kavu. Tulimkatalia, tukasema atachoka, atapigwa na upepo wa ziwani. Hakulia. Alitutazama akasema, "Baba, mama, nyumbani hapa mnaniangalia kama mgonjwa aliyelazwa. Ni lini mtaniangalia kama mtoto?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumemzuia hata kuishi, ili asije akafa.

Mwaka huohuo daktari wake alitueleza habari za dawa iitwayo haidroksiurea. Alituambia kwamba watafiti walikuwa wameifuatilia kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, na kwamba matokeo yalitangazwa Desemba 2018. Watoto waliotumia dawa hiyo walipungukiwa na maumivu, na haja ya kuongezewa damu ikapungua. Maambukizo na malaria navyo vilipungua, na hata vifo. Binti yetu alianzishiwa dawa hiyo, akawa anapimwa damu mara kwa mara kama inavyotakiwa. Mwaka uliofuata alilazwa mara moja tu, wakati huko nyuma alizoea kulazwa mara nne au tano.

Tulilitafakari sana jambo hilo. Miaka yote ile tuliyokuwa tukikesha tukihesabu, walikuwako watu tusiowajua, katika nchi ambazo hatujafika, wakifanya kazi ambayo ingemfikia mtoto wetu. Mungu alikuwa na njia ambayo sisi hatukuiona. Wasiwasi wetu haukuchangia hata kidonge kimoja.

Kupangiwa Njombe

Tungependa kuwaambia kwamba tangu hapo tuliacha kuhangaika. Haikuwa hivyo. Mtihani wetu mkubwa ulikuja mwaka 2024.

Binti yetu alikuwa amefaulu kidato cha nne, akachaguliwa kuendelea na kidato cha tano, masomo ya fizikia, kemia na biolojia. Tulishangilia. Kisha tukasoma mahali alipopangiwa. Ilikuwa shule ya bweni mkoani Njombe, na masomo yalikuwa yaanze Julai.

Mama yeyote aliyefika Njombe mwezi wa saba anajua tunachosema. Ni nchi ya milima, ya chai na viazi. Asubuhi ukungu unalala juu ya paa, na maji ya bomba yanauma vidole. Sisi wa Mwanza sweta kwetu ni pambo. Na baridi ndiyo adui wa kwanza wa mtoto mwenye selimundu. Tena kutoka kwetu hadi huko ni zaidi ya kilomita elfu moja, safari ya siku mbili kwa basi.

Tulianza kuomba. Lakini tukiwa wakweli, yale hayakuwa maombi. Yalikuwa ni wasiwasi uleule tuliousema kwa sauti na kuumalizia kwa Amina. Hatukumwomba Mungu aonyeshe njia. Tulikuwa tukimweleza njia, na kumkumbusha hatari ambazo huenda amezisahau.

Jioni moja alikuja mama mmoja wa jumuiya yetu. Mama huyu alifiwa na mwanawe wa kiume mwaka 2015, mtoto wa miaka tisa, kwa ugonjwa huuhuu. Tulijua kwamba yeye atatuelewa, atasema mtoto asiende. Alikaa, akanywa chai, akasikiliza yote. Kisha akasema, "Baba na mama, msiniulize kama Mungu atamlinda asiugue, hilo mimi silijui. Wangu alifariki nikiwa nimemshika mkono. Nilikuwa karibu kabisa. Kama kuwa karibu kungetosha, leo angekuwa kijana. Mwulizeni daktari. Akikubali, mwacheni aende, ila mnunulieni sweta la maana."

Alipoondoka tulikaa muda mrefu bila kuwasha taa. Kwa miaka kumi na saba tuliamini, bila kujiambia, kwamba macho yetu ndiyo yaliyokuwa yakimfanya mtoto apumue.

Kisafina cha Yokebedi

Wiki hiyohiyo somo la akina mama lilikuwa Kutoka sura ya 2, na zamu ya kufundisha ilikuwa yetu. Mungu ana namna yake ya kumkalisha mwalimu kwenye dawati.

Habari hiyo wote tunaijua. Farao alikuwa ameamuru watoto wa kiume wa Waebrania watupwe mtoni. Mama yake Musa, ambaye jina lake Yokebedi, alimficha mtoto kwa miezi mitatu, hata alipoona hawezi kumficha tena akakitayarisha kisafina cha mafunjo. Tulipokuwa tukifundisha tuliona jambo ambalo hatukuwahi kulitazama. Mama yule alikipaka kisafina lami. Hakusema, "Namtegemea Mungu," akaacha matundu wazi. Alikiziba maji yasiingie. Tena alichagua mahali, penye majani kando ya mto, na dada yake mtoto akasimama mbali kuangalia. Kazi yake aliimaliza yote. Lakini ilifika saa ambayo mikono yake ilibidi ikiache kisafina kikae juu ya maji. Kuziba matundu kulikuwa kwake. Mto haukuwa wake, wala binti Farao, wala moyo wa binti Farao.

Akina mama wenzetu, tuliona pale kosa letu. Tulikuwa tumechanganya kazi mbili. Iko kazi ya lami na iko kazi ya mto. Anayeacha kazi ya lami akasema ana imani, huyo amezembea. Anayetaka kushika na mto pia, huyo amejitwika kazi ya Mungu, naye hatalala kamwe.

Basi tukaanza kupaka lami. Tulikwenda kwa daktari, tukamweleza. Alimpima, akasema hali yake imetulia kwa muda mrefu, na kwamba anaweza kwenda tukijiandaa vizuri. Tulipatana na binti yetu kwamba atajaribu muhula mmoja. Baridi ikimshinda, tutaomba uhamisho, na hakuna atakayeona aibu. Tulinunua masweta mawili mazito, soksi za sufu, kofia, blanketi nzito, na chupa ya kuhifadhi maji ya moto. Tuliandika karatasi moja ya maelezo kwa maandishi makubwa kwa ajili ya matroni: ugonjwa wake ni huu, dawa zake ni hizi, anywe maji hata wakati wa baridi, asioge maji baridi, akipata homa ya nyuzi 38 au maumivu ya kifua apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Tulifunga safari sote watatu, tukaonana na mkuu wa shule na matroni, tukafika hospitali ya karibu tukaonyesha cheti cha daktari.

Halafu tukamkumbatia pale getini. Baba watoto, ambaye hatukuwahi kumwona akilia mbele ya watu, alijifanya anakagua bawaba za geti.

Simu ya usiku

Ilikuwa Agosti, siku ya Jumatatu, saa nne usiku. Matroni alipiga simu, akatuambia binti amepata homa na maumivu ya miguu na mgongo, na kwamba wako njiani kwenda hospitali.

Alfajiri tulikuwa stendi ya Nyegezi. Simu moja tulimwachia bibi aliyebaki na wadogo zake. Ile ya pili tulikuwa tumeongea nayo usiku kucha, na kabla hatujafika Shinyanga ikazima. Tulikaa ndani ya basi siku nzima, tukapita Nzega, tukapita Singida, bila kujua chochote. Dodoma tulilala, tukachaji simu, tukapiga. Ya matroni haikupatikana.

Tunataka kuwa wakweli kuhusu usiku ule. Hatukuwa na amani kama ile tunayoisikia katika shuhuda. Mikono ilitetemeka. Lakini kulikuwa na tofauti moja. Kwa miaka kumi na saba, kila tulipoogopa, tulikuwa na kitu cha kugusa, paji la uso, chandarua, kikombe cha maji. Safari hii hatukuwa na cha kugusa. Kisafina kilikuwa mtoni. Tulipiga magoti kando ya kitanda cha wageni, na sala yetu ilikuwa fupi kuliko zote tulizopata kuomba. Tulisema, "Baba, wewe uko Njombe. Sisi tuko Dodoma." Kisha tukalala. Saa tatu hivi, lakini tulilala.

Kesho yake jioni tuliingia Njombe, na ukungu ulikuwa umeshashuka. Wodini tulimkuta binti yetu ameketi kitandani, dripu mkononi, kofia kichwani, chupa ya maji ya moto imeviringishwa kitenge na kuwekwa miguuni. Alikuwa akinywa uji. Kando yake alikaa mama tusiyemjua, anafuma sweta.

Binti alitutazama akasema, "Shikamooni. Mmekuja wote? Sasa wadogo zangu mmewaacha na nani?"

Tulicheka huku tukilia, kama wenda wazimu.

Tukaelezwa yaliyotokea. Matroni aliisoma karatasi yetu, akapima joto, akaona limepita nyuzi 38, akatafuta gari usiku uleule bila kungoja asubuhi. Hospitali walimpa maji ya mshipani, dawa za maumivu na dawa za kuua vijidudu. Na yule mama mwenye sweta alikuwa mshirika wa kanisa moja la jirani, ambalo akina mama wake huja wodini siku za Jumanne kuwatazama wagonjwa. Alikuja kumwona mgonjwa mwingine. Aliposikia kuna msichana wa shule ambaye kwao ni Mwanza, akaenda nyumbani, akapika uji, akarudi. Alikuwa amerudi mara tatu.

Sisi huku Mwanza, kwa miaka mingi, tumekuwa tukibeba chupa za uji pamoja na akina mama wenzetu na kuwapelekea watoto wa watu wodini. Hatusemi Mungu alikuwa akitulipa deni, maana yeye hadaiwi. Tunasema tu kwamba tulikuwa tumesahau kuwa ana watoto wake kila mahali, na kwamba tulipokuwa tukihesabu hatari za Njombe hatukumhesabu hata mmoja wao.

Binti yetu alilazwa siku nne, akarudi darasani. Uhamisho tulimuuliza. Akasema, "Baridi nimeijua sasa. Acheni nimalize." Julai 2025 aliingia kidato cha sita.

Yule mama aliyefiwa

Hatuwezi kumaliza bila kumrudia mama wa jumuiya yetu. Kwa maana yuko msomaji atakayesema, ninyi wenu alipona, ni rahisi kuzungumza. Ni kweli kabisa.

Tulimuuliza mama huyo, baada ya kurudi, ni nini kilichomuumiza zaidi siku za msiba. Akajibu kwamba ni watu waliomwambia, kaburi likiwa bado bichi, kwamba ule ulikuwa mpango wa Mungu. "Labda walisema kweli," akatuambia, "lakini siku ile nilihitaji mtu wa kunichotea maji." Tangu hapo sisi tukienda msibani hatuwaelezi wafiwa mpango wa Mungu. Tunaosha vyombo. Tunakaa chini nao.

Na bado mama huyo anamtumaini Mungu. Hatujui anawezaje, ila tunamwona. Yeye ndiye aliyetuonyesha kwamba kumwachia Mungu kesho si kupewa hati kwamba kesho itakuwa njema. Mtume Paulo alipowaandikia Wafilipi wasijisumbue, alikuwa mfungwa, hajui kama ataachiwa au atauawa. Kumwachia Mungu ni kujua kwamba kesho, iwe ya namna gani, tutamkuta amekwisha kufika.

Sehemu ya leo

Hata sasa bado tunaamka saa nane usiku. Tabia ya miaka mingi haifi kwa safari moja. Lakini tumejiwekea utaratibu, na tunaomba tuwashirikishe.

Tukiamka tunajiuliza swali moja: je, lipo jambo la kufanya usiku huu? Kama lipo, tunaamka na kulifanya. Mtoto ana homa, tunampima. Tumesahau kuandika barua, tunaiandika. Kama halipo, basi jambo hilo ni la mto. Tunalitaja kwa Mungu kwa jina lake, mara moja, kisha tunanyamaza. Likirudi tunamwambia, "Baba, ni lile lile, liko kwako."

Wana wa Israeli jangwani waliagizwa kuokota mana ya siku moja. Waliojaribu kuweka akiba hadi asubuhi waliikuta imeoza, ina mabuu, isipokuwa ile ya kuamkia Sabato, ambayo Mungu mwenyewe aliwaagiza waiweke. Sisi nasi nguvu tunayopewa ni ya leo. Tukiichukua nguvu ya leo tukaitumia kupigana na kesho, jioni inatukuta hatuna kitu, na kesho yenyewe haijaja.

Na kwa mama mwenye mtoto wa selimundu: usikubali kulaumiwa, na usimlaumu mumeo. Mpeleke mtoto kliniki hata akiwa mzima. Mpe maji na dawa zake, mlaze ndani ya chandarua, na ukimwona ana homa usingoje. Ukiisha kufanya hayo, mwache acheze. Kama shule inakwenda kisiwani, mvalishe sweta, mpe chupa ya maji, mwache aende akaone wanyama pamoja na wenzake. Wetu tulimpeleka Saanane wenyewe mwaka 2021, amekwisha kuwa mkubwa. Alitushukuru. Lakini wenzake wa darasa lile hawakuwapo.

Tuombe pamoja: Baba yetu, tusaidie kuijua kazi yetu na kuifanya yote, na kuijua kazi yako na kutoigusa. Wakumbuke akina mama wanaokesha usiku huu kando ya vitanda vya watoto. Na pale ambapo sisi hatuwezi kufika, uwe umekwisha kufika wewe. Amina.